Kupandishwa na kushushwa timu: mtoto wa Kasulu na Kibondo acheze wapi?

Kila kiangazi, mashindano ya kata na ya jimbo yanapopamba moto kwenye viwanja vya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, mabishano yale yale huzuka. Mzazi anauliza kwa nini mwanawe wa miaka 14, mfungaji tegemeo wa timu ya watoto, sasa anashinda benchi la wakubwa. Mwingine ana uchungu kwamba kijana wake amehudhuria mazoezi tangu mvua zilipokatika, lakini siku ya fainali namba yake amepewa mchezaji aliyeteremshwa kutoka timu ya juu. Kocha wa wakubwa anasema anakuza kipaji. Kocha wa watoto anasema ameibiwa. Mashabiki wanagawanyika, na mtoto mwenyewe mara nyingi haulizwi.

Wanaobishana hawazungumzii kitu kimoja. Mchezaji huhamishwa kutoka timu moja kwenda nyingine kwa sababu tatu: ili akue kimchezo, ili azibe pengo la mtu aliyekosekana, au ili kombe lipatikane. Sababu ya kwanza inamtazama mtoto. Mbili zilizobaki zinaitazama timu. Hakuna ubaya timu kutazama maslahi yake, lakini ugomvi unaanza pale maslahi hayo yanapovishwa vazi la kumwendeleza mtoto. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba swali la apande au abaki limewekwa vibaya. Kinachofaa kuulizwa kwanza ni kama mtoto akipanda ana pa kurudi, na kwa vijiji vingi vya milima ya Kigoma jibu ni kwamba hana.

Ngazi yenye vipandio viwili

Klabu kubwa nchini zina mpangilio unaoeleweka. Azam ina kituo chake cha vijana Chamazi, Dar es Salaam, na timu za Ligi Kuu zinatakiwa kuwa na vikosi vya chini ya miaka 20. Huko, kijana akipandishwa wiki hii na kurudishwa wiki ijayo, hajahama klabu. Uhamisho ni jambo jingine, lenye kanuni zake: kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu kwa msimu, na kucheza mechi rasmi kwa mbili tu kati ya hizo. Wazazi wengi huchanganya mambo haya mawili, na ndiyo maana utasikia mtu akidai barua ya ruhusa kwa mtoto aliyehamishwa tu kutoka kikosi cha watoto kwenda cha wakubwa ndani ya timu ile ile.

Ukitoka Chamazi ukafika vijiji vya Kasulu kama Titye, Makere au Heru Juu, mpangilio huo haupo. Kuna timu ya wakubwa inayobeba jina la kijiji au kata, na kuna watoto. Uwanja ni udongo mwekundu, magoli ni miti ya mikaratusi iliyochongwa, na njumu zinaazimwa: anayetoka anavua pembeni ya mstari, anayeingia anavaa zikiwa bado za moto, na kama mguu wake ni mdogo anasokota kitambaa mbele ya vidole. Mvua hunyesha takribani kuanzia Oktoba hadi Mei, na miezi hiyo ni ya shamba, ya mahindi na maharage. Mashindano hukusanyika kiangazi, na katikati yake huingia michezo ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Matokeo yake timu ya watoto huishi kwa wiki chache. Inaundwa kwa ajili ya mashindano fulani, inacheza, inavunjika. Timu ya wakubwa ndiyo inayodumu, kwa sababu ina michango, ina mashabiki, na ina ng'ombe au mbuzi wa kugombea.

Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Mtoto akipandishwa Julai na asipomudu, Agosti hakuna timu ya kumpokea. Atabaki benchi la wakubwa hadi achoke, au ataenda kutafuta timu ya kata jirani, na kwa kuwa mpira wa mchangani hauna leseni wala kadi, anaweza kuvaa jezi tatu tofauti ndani ya mwezi mmoja. Mahali penye vipandio viwili tu, kosa dogo la kocha hugeuka kuwa mwisho wa safari.

Ndoto nayo imesogea karibu zaidi. Mashujaa ya Kigoma, timu ya jeshi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 na kuileta Simba na Yanga kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Kijana wa Kasulu anaweza kwenda kuangalia na kurudi. Kwa wa Kibondo ni zaidi ya kilomita 200, lakini hata huko mkoa kuwa na timu kubwa kumeongeza haraka: wazazi wanataka mtoto aonekane sasa hivi, na kuonekana, wanavyoamini wengi, ni kucheza na wakubwa.

Umri usio na karatasi

Mjadala wa rika hauna maana kama rika lenyewe halijulikani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulionyesha kwamba ni takribani mtoto mmoja tu kati ya wanne wa chini ya miaka mitano aliyekuwa amesajiliwa kuzaliwa. Watoto wale ndio leo wanaocheza timu za chini ya miaka 15 na 17. Zamani mtoto alipimwa kama ametimiza umri wa shule kwa kupitisha mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Kocha wa leo anayetazama ndevu, sauti na upana wa kifua hajaenda mbali na kipimo hicho.

Madhara ni ya pande mbili. Upande mmoja ni vijeba, wakubwa wanaoshushwa kucheza na watoto. Taifa zima liliwahi kulipa gharama ya tabia hiyo: Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana, waliondolewa kwenye fainali za Afrika za vijana za mwaka 2005 zilizofanyika Gambia, kwa sababu ya umri wa mchezaji. Tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria, FIFA imekuwa ikitumia picha za MRI za kifundo cha mkono kukagua wachezaji wa chini ya miaka 17. Kipimo hicho hakitafika Titye, na si lazima kifike. Daftari la kuandikishwa darasa la kwanza lipo katika kila shule, na liliandikwa kabla mtoto hajaanza kugombewa na timu. Si ushahidi kamili, lakini ni bora kuliko ndevu.

Upande wa pili hausemwi sana, nao ndio unaoniumiza zaidi. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Kizazi kile kile, kwa hiyo, kina watoto wengi ambao kimo chao hakisemi ukweli kuhusu umri wao. Kocha anayepanga timu kwa kutazama kimo anamwadhibu mtoto kwa njaa ya miaka yake ya mwanzo. Hata bila udumavu, wavulana wawili wa miaka 13 wanaweza kupishana miaka minne kwa ukomavu wa mwili: mmoja ameshabalehe, mwenzake bado. Watafiti wa michezo wameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba vikosi vya vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili, kwa sababu makocha hudhani ukubwa ni kipaji. Lakini mshambuliaji Mbwana Samatta alizaliwa Desemba 1992. Kwa hesabu za Januari hadi Desemba, alikuwa miongoni mwa wadogo kabisa wa rika lake.

Wanaosema apande mapema

Hoja ya kundi hili ina uzito. Mtoto anayewapita wenzake mbio hajifunzi kupiga pasi, kwa sababu hana haja nayo. Akipelekwa kwa wakubwa, nafasi inabana na muda wa kufikiri unapungua. Lazima ajue atapeleka wapi mpira kabla haujamfikia. Ni kweli pia kwamba wanaotafuta vipaji wakifika wilayani hutazama mashindano ya wakubwa, na aliyebaki kwa watoto hawamwoni. Samatta alikuwa na miaka 17 alipotoka African Lyon kwenda Simba mwaka 2010, na mwaka uliofuata alikuwa Lubumbashi na TP Mazembe. Clement Mzize alipandishwa kutoka kikosi cha vijana cha Yanga mwaka 2022 na akawa mshambuliaji wa kutegemewa wa Taifa Stars. Ulaya, Lamine Yamal alichezeshwa Barcelona akiwa na miaka 15.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inahesabu waliofika. Ansu Fati naye aliingia kikosi cha kwanza cha Barcelona akiwa na miaka 16, mwaka 2019. Novemba 2020 aliumia goti, na tangu hapo amehangaika kurudi pale alipokuwa, pamoja na madaktari na mashine zote zilizomzunguka. Mtoto wa Kibondo hana hata mmoja wa madaktari hao. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kati ya miaka 13 na 15, na wakati huo mifupa hutangulia misuli; maumivu chini ya goti, pale mfupa unapovimba kidogo, ni dalili inayojulikana ya mwili mchanga uliobebeshwa kupita kiasi. Ukiongeza uwanja mgumu, njumu za kuazima, na beki wa miaka 25 anayegombea mbuzi, hatari inaonekana bila kuambiwa.

Gharama nyingine ni dakika. Mtoto aliyekuwa akicheza mechi nzima kwa watoto, akipanda huingia dakika kumi za mwisho au haingii kabisa. Anafanya mazoezi na wakubwa, jambo zuri, lakini mpira hujifunzwa kwa kufanya uamuzi ndani ya mechi, na benchi halifundishi kufanya uamuzi.

Wanaosema abaki na rika lake

Hawa wanasema mtoto acheze na wenzake, awe nahodha, azoee kubeba timu, asome, asivutwe na tabia za wakubwa. Mzazi wa Kasulu anayeogopa kwamba mwanawe wa darasa la sita atarudi usiku kutoka ugenini, juu ya lori pamoja na watu wazima waliokwisha kunywa, ana haki ya kuogopa. Na wapo waliopita njia hii hatua kwa hatua wakafika. Dickson Job alikuwa nahodha wa Serengeti Boys waliocheza fainali za Afrika Gabon mwaka 2017, akaendelea Mtibwa Sugar, kisha Januari 2021 akajiunga na Yanga. Mfano wa Mtibwa una maana kubwa kwa watu wa milimani, kwa sababu ile ni klabu ya shamba la miwa la Manungu, Turiani, mbali na jiji. Ilijenga jina kwa kulea vijana na kuwapa nafasi wakati ulipofika, bila majengo ya kifahari.

Lakini kubaki na rika kuna hasara yake, hasa kwa aliyekomaa mapema. Kijana mwenye kifua kipana akiwa na miaka 13 atafunga kila mechi kwa nguvu, atasifiwa, na akifika 17 wenzake wamemfikia kwa mwili huku yeye hana ufundi wa kumwokoa. Hasara nyingine ni kwamba rika lenyewe, kama tulivyoona, ni la kukisia. Kumlazimisha kila mtu abaki na rika lake mahali ambapo rika halina karatasi ni kujenga sheria juu ya tetesi.

Kwa wasichana mjadala huu karibu haupo, na ukimya huo ni tatizo kubwa kuliko mabishano ya wavulana. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, lakini katika kata nyingi hakuna timu ya wasichana wadogo. Msichana wa miaka 13 anayetaka kucheza anaenda moja kwa moja kwa wanawake wazima, ama haendi. Kupanda kwake si uamuzi wa mtu yeyote.

Wanaosema atembee katikati

Kundi la tatu linataka mtoto afanye mazoezi juu na acheze chini, au acheze juu kwa muda na kurudi. Kwa nadharia, hii ndiyo njia inayochukua faida za pande zote mbili. Hispania imeijenga hadi kwenye ligi zake: timu B za klabu kubwa hushiriki madaraja ya chini dhidi ya watu wazima. Sergio Busquets na Pedro walicheza daraja la nne na Barcelona B msimu wa 2007/08, wakapandishwa, na mwaka 2010 walikuwa mabingwa wa dunia. Ubelgiji ilianzisha timu za taifa za vijana wanaochelewa kukomaa ili wasipotee kwa sababu ya kimo, na Uingereza ilifanya majaribio ya kuwapanga vijana kwa ukomavu wa mwili badala ya tarehe ya kuzaliwa.

Njia hii nayo inaweza kuharibika. Martin Ødegaard alifika Real Madrid Januari 2015 akiwa na miaka 16. Alifanya mazoezi na kikosi cha kwanza na kucheza na timu B, na kwa miaka miwili alionekana hana kwao popote, mgeni juu na mgeni chini. Kilichomfungua ni kwenda kwa mkopo Heerenveen, Vitesse, kisha Real Sociedad, ambako alicheza kila wiki. Hapa nyumbani, Novatus Dismas alitoka Azam akaenda kwa mkopo Biashara United ya Musoma. Kwa macho ya watu wengi hiyo ilikuwa kushuka. Mwaka 2021 alikuwa Maccabi Tel Aviv. Tofauti kati ya kuyumbishwa na kulelewa ni kama mtoto anajua yuko wapi, kwa muda gani, na kwa lengo gani.

Kushuka kwenyewe kuna sura mbili ambazo lazima zitenganishwe. Kijana anayerudishwa chini ili apate dakika, acheze mfululizo hadi msimu uishe, anasaidiwa. Kijana anayeteremshwa kwa fainali moja ili timu ya watoto ichukue baiskeli au seti ya jezi, kisha akarudi juu Jumatatu, ni mamluki, hata kama ni wa kijiji hicho hicho na umri wake unaruhusu. Amechukua namba ya mtu aliyeifanyia kazi. Mtoto aliyepokwa fainali kwa namna hiyo anajifunza kwamba mazoezi hayana malipo, na wengi huacha mpira wakiwa na umri ambao kipaji hakijajionyesha bado.

Kupima hoja hizi

Nikiziweka pamoja, naona kila upande umeshika kitu cha kweli na wote wamepuuza kitu kimoja. Wanaotaka apande wanasema kweli kwamba changamoto inakuza. Wanaotaka abaki wanasema kweli kuhusu mwili na shule. Wa katikati wanasema kweli kwamba mtoto anahitaji vyote viwili. Lakini hoja zote tatu zinachukulia kwamba timu ya chini ipo. Bila timu ya watoto inayoishi msimu mzima, kupandishwa ni kuhamishwa moja kwa moja, kubaki ni kukaa nyumbani, na kutembea katikati ni maneno matupu. Kwa hiyo nguvu inayotumika kubishana nani apande ingezaa zaidi ikitumika kuifanya timu ya chini isivunjike.

Timu hiyo ikishakuwepo, kigezo changu ni dakika. Mtoto apande pale atakapocheza angalau nusu ya mechi. Akikaa benchi mechi nne mfululizo, arudi. Uamuzi ufanywe na makocha wote wawili pamoja na mzazi, kabla ya mashindano kuanza, na mtoto aambiwe mbele ya wenzake kwamba anaporudi harudi kwa kosa. Anayeshuka acheze mashindano yote, asianzie nusu fainali. Na kwa mechi za ng'ombe na mbuzi, ambako mateke hayana mwamuzi wa kutosha, aliye chini ya miaka 16 asiingizwe kabisa. Hili la mwisho natambua litapingwa, nami siko tayari kulilegeza.

Pingamizi zinazostahili jibu

Wapo watakaosema hakuna fedha za timu mbili. Kwa jezi na usafiri, ni kweli. Lakini gharama kubwa ya timu ya watoto ni mtu mzima mmoja wa kuaminika siku mbili kwa wiki, na mipira. Shule za msingi zina viwanja na zina watoto wenyewe. Kilichokosekana ni timu ya mtaa kukubaliana na mwalimu wa michezo kwamba kikosi cha UMITASHUMTA hakivunjwi siku mashindano yanapokwisha. Kikiendelea kucheza na shule jirani zinazofikika kwa miguu, nauli haihitajiki.

Wengine watasema ukimzuia mtoto asipande, timu jirani itamchukua. Hii ni hofu ya kweli, na timu moja peke yake haiwezi kuitatua. Lakini vyama vya mpira vya wilaya vinaweza kudai orodha ya majina kabla ya mashindano, kila jina likiwa limeoanishwa na daftari la shule, na kila mtoto na timu moja. Zipo pia fidia za malezi katika kanuni za FIFA, zinazohesabu mafunzo tangu mwaka mchezaji anapotimiza miaka 12. Kijana akifika kwenye soka la kulipwa, klabu iliyosajiliwa inayoweza kuonyesha ilimlea inaweza kudai haki yake. Bila orodha hakuna ushahidi, na kata iliyolea mchezaji itabaki kusimulia tu.

Pingamizi gumu zaidi linatoka mahali ambapo ngazi imekatwa na jambo lisilohusu mpira. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996 na imepokea Wakongo kisha Warundi; Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Humo watoto ni wengi na hucheza kwa ari kubwa, lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na msafara mmoja wa kurejea makwao unaweza kuondoka na nusu ya kikosi. Kocha wa huko hawezi kumwahidi mtoto timu ya juu. Anachoweza ni kumpa mechi nyingi, na wenzake wanaomfahamu, kwa kadiri watakavyokuwa pamoja. Mashindano ya ujirani mwema kati ya kambi na vijiji vinavyozizunguka, pale mamlaka zinaporuhusu, yangewapa watoto wa pande zote mbili wapinzani wa rika lao wasiowapata kwingine, na yangefanyika bila yeyote kupandishwa wala kushushwa.